Kuchoma Masalia ya Mazao: Lini Moto Huua Wadudu, Lini Huumiza Shamba

Malengo ya mada
Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa nini masalia ya mazao hubeba wadudu kutoka msimu mmoja hadi mwingine;
(b) kutumia mzunguko wa maisha ya mdudu kuamua kama moto utafaa au hautafaa;
(c) kueleza hasara za kuchoma na njia zinazoweza kutumika badala yake.

1. Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa ataje njia za kudhibiti wadudu waharibifu bila kutumia viuatilifu, mara nyingi huandika "kuchoma masalia ya mazao" kisha akahamia hoja inayofuata. Alama moja anaipata. Akiulizwa aeleze kwa nini, hukwama. Wengine huandika kuwa moto huua wadudu wote shambani, jambo ambalo si kweli.

Wilayani Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, swali hili linagusa maisha ya kila siku. Kiangazi kinapoingia, kati ya Juni na Septemba, mabua ya mahindi husimama makavu, miti ya pamba hubaki na vitumba vilivyokauka, na moshi huonekana mlimani na bondeni. Mkulima anayechoma anapoteza kitu: majani ambayo yangerutubisha udongo, mabua ambayo yangelisha ng'ombe, au kuni za jikoni. Ni lazima basi apate kitu kikubwa zaidi kuliko anachopoteza. Mada hii inaonyesha jinsi ya kupima hilo.

2. Swali la msingi

Kabla ya kuwasha kiberiti, jiulize: mdudu huyu yuko wapi wakati shambani hakuna mmea hai?

Mara nyingi mdudu mharibifu hupitia hatua za yai, kiwavi, pupa na mdudu kamili. Mazao yakishavunwa, chakula chake kinakwisha. Baadhi ya wadudu huhamia mimea mingine. Baadhi hujichimbia ardhini. Wengine hubaki ndani ya mmea mkavu wakiwa wamelala: hawali, hawakui, wanasubiri mvua. Moto unaochoma masalia humfikia mdudu wa kundi hili la mwisho tu.

Kanuni hii haihusu Afrika Mashariki peke yake. Huko Marekani na Kanada wapo nondo wanaoshambulia ua la bustani liitwalo airisi. Jina la kisayansi la nondo huyo ni Macronoctua onusta. Jike hutaga mayai kwenye majani makavu ya airisi majira ya vuli, na mayai hayo hukaa hapo baridi yote. Joto likirudi, viwavi huanguliwa, hutoboa jani na kushuka hadi kwenye shina la chini ya ardhi linalofanana na tangawizi, wakalila hadi likaoza. Mtunza bustani anayekusanya majani makavu na kuyateketeza kabla ya mayai kuanguliwa huondoa kizazi cha mwaka mzima, kwa kuwa nondo huyu ana kizazi kimoja tu kwa mwaka. Akichelewa hadi viwavi wakaingia ndani ya mmea, moto haumsaidii tena.

Hapo tunapata masharti mawili. Kwanza, mdudu awe ndani ya masalia au juu yake. Pili, achomwe kabla hajaondoka. Kwetu, kiangazi hufanya kazi ambayo baridi hufanya huko: ndicho kipindi cha mdudu kusubiri.

3. Pale moto unapofaa

3.1 Pamba na funza wa waridi

Biharamulo ni sehemu ya ukanda wa magharibi unaolima pamba nchini Tanzania. Mmoja wa maadui wa zao hilo ni funza wa waridi, Pectinophora gossypiella. Kiwavi wake huingia katika kitumba kibichi na kula mbegu zilizomo, huku nyuzi zikichafuka na kukatika. Viwavi wa kizazi cha mwisho wa msimu hawageuki nondo mara moja. Hulala ndani ya vitumba vilivyobaki mtini au vilivyoanguka chini, na wengine hujificha kati ya mbegu mbili zilizogandamana.

Tazama sasa jinsi masharti yetu mawili yanavyotimia. Mdudu yumo ndani ya masalia, na anakaa humo kwa muda wa kutosha kumfikia. Zaidi ya hayo, chakula chake kikuu ni pamba, ingawa huweza pia kuishi kwenye mimea ya jamii yake kama bamia. Kwa hiyo mkulima aking'oa miti yote baada ya mavuno, akaikusanya pamoja na vitumba vilivyoanguka na kuichoma, mambo mawili hutokea. Funza waliolala hufa, na nondo wachache waliosalia hutoka wakakuta hakuna pamba ya kutagia. Ndiyo sababu wakulima wa pamba nchini huelekezwa kung'oa na kuteketeza masalia kila mwisho wa msimu, na kutoacha maotea yachipue.

Kung'oa ni muhimu kama kuchoma. Shina lililokatwa tu huchipua, na machipukizi hayo huwapa wadudu chakula cha kiangazi.

Kazi hii pia haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Nondo huruka. Mkulima akisafisha ekari zake mbili huku jirani ameacha miti yake imesimama, nondo watatoka kwa jirani. Vivyo hivyo kwa anayeng'oa miti ya pamba kisha akairundika nyuma ya nyumba iwe kuni za msimu wa mvua: amewahamisha funza na kuwapa makazi makavu. Nchini Misri, miti ya pamba iliyowekwa juu ya mapaa ya nyumba kama kuni ilijulikana kwa miaka mingi kuwa chanzo cha funza hawa. Kama ni lazima kutumia kuni hizo, zitumike zote kabla ya mvua za kwanza.

Marekani ilitangaza mwaka 2018 kuwa imemtokomeza funza wa waridi katika mashamba yake ya pamba. Ilitumia njia nyingi kwa pamoja: mbegu zilizoboreshwa kijenetiki, kuachia nondo tasa, mitego ya harufu, na sheria ya kuharibu masalia ya pamba kwa wakati mmoja katika eneo zima. Usafi wa shamba ulikuwa nguzo mojawapo. Haukufanya kazi peke yake.

3.2 Mahindi na bungua

Bungua wa mahindi, Busseola fusca, hupatikana sana katika maeneo ya miinuko, na Ngara ni wilaya ya vilima. Kiwavi wake hutoboa bua na kula nyama ya ndani. Mahindi yakikomaa, kiwavi hushuka sehemu ya chini ya bua na kulala humo kiangazi chote. Mvua za kwanza zikinyesha, hugeuka pupa, kisha nondo, naye huenda kutaga kwenye mahindi machanga ya msimu mpya.

Hapa pia moto hufaa, lakini kwa uangalifu. Kwa kuwa kiwavi yuko chini ya bua, moto unaopita juujuu na kuteketeza majani huku ukiacha visiki humwacha salama. Mabua yang'olewe pamoja na visiki vyake.

Je, ni lazima bua lote liwe majivu? Hapana. Utafiti uliofanywa Nigeria kuhusu bungua huyu katika mtama, uliochapishwa mwaka 1980, ulionyesha kuwa kuyachoma mabua nusunusu mara tu baada ya mavuno, majani yakiwa makavu na shina likiwa bado na unyevu, kuliua takriban asilimia 95 ya viwavi. Joto liliwaua ndani ya shina, na mabua yakabaki imara kwa kujengea na kwa kuni. Mkulima aliondoa mdudu bila kupoteza mali yake.

Njia nyingine ni kuyalaza mabua shambani na kuyatandaza juani kwa wiki kadhaa. Jua kali hukausha bua na kumuua kiwavi. Mabua yaliyosimama au yaliyorundikwa kivulini hayapati joto hilo. Pia mabua yanaweza kukatwakatwa na kulishwa ng'ombe kabla ya mvua.

4. Pale moto usipofaa

4.1 Viwavijeshi vamizi

Viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, waliripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na Tanzania mwaka 2017. Wameharibu mahindi katika mikoa mingi, na baadhi ya wakulima walichoma mashamba wakidhani wanawakomesha.

Rudi kwenye swali la msingi. Kiwavi huyu anapokomaa huanguka chini na kujichimbia kwenye udongo, kwa kawaida sentimita 2 hadi 8, akawa pupa huko. Udongo ni kipitishi hafifu cha joto. Moto wa mabua hupita upesi, na sentimita chache chini ya majivu joto hupanda kidogo tu. Aidha, mdudu huyu hana kipindi cha kulala. Nondo wake husafiri umbali mrefu kutafuta mimea mibichi. Anayechoma masalia anaua wachache mno na kuunguza mbolea yake. Kinachosaidia ni kupanda mapema na kwa pamoja, kukagua shamba mara kwa mara, kuponda mayai na viwavi wadogo, na kutumia kiuatilifu kilichopendekezwa inapobidi.

4.2 Funza wa vitumba

Mfano huu ni muhimu kwa sababu unatoka kwenye zao lilelile la pamba. Funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, naye hutoboa vitumba. Ukimtazama kwa haraka unaweza kumchanganya na funza wa waridi. Lakini huyu huingia udongoni kuwa pupa, tena hula mahindi, nyanya, kunde na mimea mingine mingi. Kuchoma miti ya pamba hakumwondoi. Kwa hiyo jibu la "kuchoma masalia huzuia funza wa pamba" halijakamilika mpaka useme ni funza yupi.

4.3 Migomba

Ngara, kama sehemu kubwa ya Kagera, hutegemea ndizi. Fukusi wa migomba, Cosmopolites sordidus, hutaga chini ya mgomba na mabuu yake hutoboa tunguu mpaka mgomba unaanguka kwa upepo. Mashina yaliyokatwa na kuachwa mazima ni maficho na mazalio yake, kwa kuwa fukusi hupenda unyevu.

Masalia basi ni tatizo. Lakini je, yachomwe? Shina la mgomba limejaa maji na haliungui kwa urahisi. Matandazo yanayolinda udongo wa mgombani nayo yakiwashwa, mizizi ya mgomba iliyo karibu na uso wa ardhi itaungua. Dawa hapa ni kukata mashina vipandevipande na kuyatawanya yakauke upesi, kupanda machipukizi safi, na kutega fukusi kwa vipande vya shina vilivyopasuliwa, kisha kuwaokota. Fukusi hutembea zaidi kuliko kuruka, na huzaa polepole. Usafi wa kudumu humshinda.

Usimchanganye fukusi na mnyauko bakteria wa migomba, ugonjwa uliothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006. Huo hauletwi na mdudu anayelala kwenye masalia, bali na bakteria wanaoenezwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba na pia na zana chafu. Hapa moto una nafasi ndogo lakini ya maana: panga lililokata mgomba mgonjwa lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ua dume nalo livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga.

5. Gharama ya moto

Hata pale moto unapofaa, una gharama zifuatazo:

(i) Rutuba. Masalia yakiungua, sehemu kubwa ya naitrojeni hupotea hewani. Potasiamu na kalsiamu hubaki kwenye majivu, lakini majivu hupeperushwa na upepo au kusombwa na mvua.

(ii) Mmomonyoko. Shamba lililochomwa lote hubaki uchi. Kwenye miteremko ya Ngara, mvua ya kwanza hupeleka udongo wa juu mabondeni, hadi mito ya Ruvubu na Kagera.

(iii) Wadudu rafiki. Wapo nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi wa bungua na kuwaua. Moto hauchagui; huunguza nyigu pamoja na bungua.

(iv) Moto kutoroka. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, inagusa wilaya zote mbili. Moto wa shamba moja ukivuka mpaka wakati wa kiangazi huweza kufika porini, kwenye mashamba ya miti, kwenye mihogo ya jirani au kwenye nyumba. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka masharti juu ya uchomaji wa uoto, na anayechoma ovyo anaweza kushitakiwa.

6. Namna ya kuchoma kwa usalama

Iwapo umeamua kuwa moto unafaa:
- Kusanya masalia yaliyo na mdudu tu; usichome shamba zima.
- Rundika mafungu madogo katikati ya shamba, mbali na miti, nyasi na nyumba.
- Safisha kinga ya moto kuzunguka kila fungu.
- Toa taarifa kwa majirani na kwa uongozi wa kitongoji au kijiji, na ufuate masharti yaliyopo.
- Choma asubuhi mapema au jioni, siku isiyo na upepo, kukiwa na watu, maji na matawi mabichi ya kuzimia.
- Usiondoke mpaka jivu limepoa.
- Maliza kazi kabla ya mvua za kwanza. Mvua ikishawaamsha wadudu, umechelewa.
- Sambaza majivu shambani badala ya kuyaacha fungu moja.

7. Muhtasari

Funza wa waridi: yumo kwenye vitumba vikavu. Ng'oa na uchome.
Bungua wa mahindi: yumo chini ya bua. Ng'oa, kisha choma nusunusu, anika juani au lisha mifugo.
Viwavijeshi vamizi: pupa wako udongoni. Usichome.
Funza wa vitumba: pupa wako udongoni. Usichome.
Fukusi wa migomba: yumo kwenye tunguu na mashina yenye unyevu. Katakata na ukaushe.

8. Maswali ya marudio

Swali la 1. Eleza kwa nini kuchoma masalia ya pamba hakuna faida kubwa kama kutafanywa na mkulima mmoja tu kijijini.
Jibu: Nondo wa funza wa waridi huruka kutoka shamba hadi shamba. Masalia yaliyoachwa kwa majirani huendelea kuhifadhi funza waliolala, nao wakiwa nondo huvamia pamba mpya katika mashamba yote, likiwemo lililosafishwa. Ili kazi ifaulu, eneo zima lisafishwe kwa kipindi kimoja.

Swali la 2. Mkulima wa Biharamulo amechoma majani yote makavu ya shamba lake la mahindi, lakini visiki vimebaki. Msimu uliofuata bungua wamerudi kwa wingi. Toa sababu mbili.
Jibu: (a) Kiwavi wa bungua hulala sehemu ya chini ya bua, hivyo moto wa majani haukumfikia. (b) Nondo wanaweza kuwa wametoka kwenye mabua ya mashamba jirani ambayo hayakusafishwa.

Swali la 3. Fukuzi wa viazi vitamu hana kipindi cha kulala. Baada ya mavuno huendelea kuishi kwenye viazi vilivyosahaulika ardhini na kwenye mashina ya matembele. Je, utamshauri mkulima achome shamba? Fafanua.
Jibu: Hapana. Viazi vilivyobaki viko chini ya udongo, na joto la moto wa juu haliwafikii fukuzi waliomo. Mkulima achimbue na kuondoa viazi vyote vilivyobaki na mashina yenye mashimo, apande mbegu safi mbali na shamba la zamani, abadilishe mazao, na afukie nyufa za matuta, kwa kuwa fukuzi hupitia humo kufikia viazi.

Swali la 4 (ufanye mwenyewe). Chagua zao moja linalolimwa nyumbani kwenu na mdudu mmoja anayelishambulia. Baada ya mavuno, pasua masalia kumi na uchimbe udongo chini yake kwa kina cha sentimita kumi. Andika ulichokuta na mahali ulipokikuta. Kisha, kwa ushahidi huo peke yake, amua kama masalia hayo yachomwe, na utetee uamuzi wako kwa aya moja.